Matokeo Niliyoyatia Sahihi

Mama alinikataza mapema. Nilipomwambia kwamba ofisi ya kaunti imenipigia simu na kuniomba niwe mmoja wa wasimamizi wa kituo cha kupigia kura, aliweka chini kisu alichokuwa anamenyea muhogo, akaniuliza kama nimeishiwa na kazi za kufanya.

"Ni siku moja tu, mama," nikamwambia. "Wamekosa watu."

"Wamekosa watu kwa sababu watu wana akili."

Nilijua anachokiwaza. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Burundi, na katika uchaguzi mmoja, nikiwa bado mtoto mdogo, alikuwa miongoni mwa watu waliokaa mezani kuhesabu kura. Nakumbuka alirudi nyumbani na wino kwenye vidole, akicheka, akambeba dada yangu begani na kuzunguka naye uwanjani. Miezi michache baadaye nchi iliharibika, na waliokuwa wameonekana kwenye ile meza wakaanza kutafutwa mmoja mmoja. Baba alitoka asubuhi kwenda shuleni kuokoa vitabu vyake. Hakurudi. Mama akatukusanya watoto watatu, wa nne akiwa tumboni, tukatembea kwa miguu, tukavuka mto Malagarasi hadi Tanzania. Huyo wa nne alizaliwa kambini, mkoani Kigoma, chini ya hema.

Kwa hiyo mama aliponikataza, sikumbishia. Siku ilipofika nikaenda.

Nilikuwa nimekula kiapo cha uraia wa Marekani miaka michache kabla ya hapo. Tulipofika tulikaa mji wa Louisville, mtaa wa Beechmont, ambako ukitoka nje unasikia Kiswahili cha Wakongo kilichochanganyika na Kifaransa, na dukani unapata dagaa na unga wa muhogo bila kuuliza. Nilifunga maboksi kwenye ghala, mume wangu, niliyekutana naye mjini humo, akafanya kazi hapa na pale. Kisha akapata kazi ya kudumu kwenye kiwanda cha viti vya magari, katika kaunti ya mashambani, mwendo wa saa moja na zaidi kutoka mjini. Tukapata nyumba ya zamani yenye ardhi. Mama ndiye aliyetusukuma tuhamie huko. Alisema amechoka kuishi ghorofani kama njiwa, anataka kushika jembe kabla hajafa.

Hatukuwa na Mwafrika mwingine wa kumwona barabarani. Jirani yetu wa karibu alikuwa mzee wa Kizungu, mgane, ambaye zamani alilima tumbaku. Wiki yetu ya kwanza alikuja na trekta lake bila kuitwa, akatulimia robo ya uwanja, akaondoka. Aliposikia tukimwita mama "Mama," alidhani ndilo jina lake, naye akawa anamwita hivyo hivyo. Hawakuwa na lugha moja. Mama alimpelekea maharage na lengalenga, mchicha wa kwetu, yeye akaleta mayai na maboga. Wakati mwingine niliwakuta wamekaa kwenye ngazi za nyuma, kila mmoja akizungumza lugha yake, na wanaelewana kuliko mimi na watoto wangu, ambao ukiwasemesha Kiswahili wanakujibu Kiingereza.

Mdogo wetu wa mwisho alikuwa bado kambini. Faili letu la kuhamia Marekani lilipokamilika, yeye alikuwa ameshaoa, na ofisi ya wakimbizi ikasema mtu aliyeoa ana faili lake. Tuliambiwa atatufuata baada ya miezi. Ikawa miaka. Mama alipoondoka alimwachia sufuria yake kubwa na mkeka, na kila alipopiga simu aliulizia vile vitu kwanza, kwa sababu akianza kumuulizia mwanawe mwenyewe angelia.

Kiangazi cha ule mwaka wa uchaguzi, simu ilipigwa. Mdogo wangu alikuwa amepita usaili wa mwisho na vipimo vya afya. Yeye, mke wake na watoto wawili. Mama alitoka nje na leso yake akaipunga hewani, akapiga vigelegele hadi jirani akaja mbio akidhani kuna moto.

Nilipomweleza, alivua kofia yake, akakaa kidogo, kisha akauliza, "Watalala wapi?"

Sikuwa nimefikiria hilo.

"Nina mbao za mwaloni bandani," akasema. "Mke wangu alitaka nimtengenezee kabati. Sikuwahi. Huyo mdogo wako ana urefu gani?"

Sikujua. Nilimwacha akiwa kijana mwembamba, na kwenye simu nilimwona uso tu. Ikabidi nimpigie nimuulize. Alicheka, akasimama ukutani, mke wake akampima kwa kamba, kisha wakaipima ile kamba kwa rula ya mtoto. Nikampa mzee kipimo, naye akaongeza upana wa kiganja, akisema mtu akifika Marekani hunenepa. Wiki nzima tulisikia randa yake ikienda. Alitengeneza kitanda kikubwa, na kingine cha ghorofa cha watoto, ambacho alisema atamalizia ngazi yake baadaye.

Sikuwahi kuzungumza naye habari za uchaguzi. Kando ya barabara yetu mabango yalikuwa yamesimama mwaka mzima, yote ya mgombea mmoja, na mgombea huyo alikuwa ameahidi waziwazi kuwafungia mlango wakimbizi. Uwanjani kwa mzee hapakuwa na bango. Nilipopita hapo asubuhi nikienda kazini, niliangalia kwanza, halafu nikashukuru.

Kituo chetu kilikuwa kwenye jengo la kikosi cha zimamoto cha watu wa kujitolea. Walikuwa wametoa gari la zimamoto nje ili kupata nafasi, na sakafu ilinuka mafuta na mpira. Tulikuwa wanne: mimi, mama mmoja aliyestaafu ualimu, mwanamume aliyeuza majani ya ng'ombe, na mkuu wetu, bibi aliyekuwa ameifanya kazi hiyo tangu ujana wake. Walinipokea vizuri. Yule mwalimu alileta keki. Walinifundisha kuangalia kitambulisho, kutafuta jina, kutoa karatasi, kumwelekeza mtu kwenye mashine. Watu walipanga foleni kwa utulivu, wakiulizana habari za mvua na magoti yanayouma. Wengine waliponiona walisita kidogo, kisha wakanisalimu. Ni mmoja tu aliyehama meza yangu akaenda kupanga upya kwa mwalimu.

Jirani yetu alikuja mchana, amevaa shati safi. Sheria ni sheria, nikamwomba kitambulisho.

"Hunijui?" akaniuliza kwa utani.

"Leo sikujui," nikamjibu, na foleni ikacheka.

Nikampa karatasi yake. Alijifungia kwenye kibanda cha kupigia kura muda mrefu kidogo, akaitumbukiza karatasi kwenye mashine, akachukua stika ya waliokwisha kupiga kura akaibandika kwenye kofia. Alipotoka alinipungia mkono.

Tulifunga milango saa kumi na mbili jioni. Mkuu wetu alibonyeza mashine, nayo ikaanza kutema karatasi nyembamba, ndefu kama risiti ya duka, hadi ikafika sakafuni. Ilikuwa na majina ya wagombea wote, kuanzia rais hadi mkuu wa gereza la kaunti. Tukatakiwa kutia sahihi, wote wanne, chini ya nakala moja baada ya nyingine. Moja ya kupelekwa makao makuu, nyingine ya kubandikwa kwenye mlango wa kioo.

Nilisoma kabla ya kusaini. Sikushangaa, mtu aliyeishi pale asingeshangaa. Karibu kaunti yote ilikuwa imekwenda upande mmoja, na kituo chetu vilevile. Kura za upande wa pili zilikuwa chache kiasi kwamba nilianza kuzitafutia sura. Moja yangu. Moja ya mume wangu. Labda ya dada mmoja mfamasia. Labda ya mchungaji mmoja kijana. Nikampa na mzee jirani yetu kura moja, nikamwekea moyoni mwangu, hesabu ikawa inakubali. Kisha nikachukua kalamu nikaandika jina langu, vizuri, kwa mwandiko ambao baba aliufundisha mkono wangu akiwa ameushika.

Nilipofika nyumbani, mama alikuwa amekaa sebuleni na koti mwilini. Begi lake lilikuwa miguuni. Alikuwa ameweka ndani nguo mbili, Biblia, dawa za presha, na bahasha ya vyeti vyetu vyote.

"Wamemaliza kuhesabu?"

"Wamemaliza, mama."

"Watu wanafanya nini?"

"Wameenda nyumbani. Tulikuwa tunakula keki."

Alinitazama kana kwamba nimemdanganya. Asubuhi nilimkuta amelala kitandani na viatu miguuni.

Serikali mpya, ya yule mgombea wa mabango, iliingia katikati ya majira ya baridi. Siku hizo mdogo wangu na familia yake walikuwa wameshatolewa kambini, wakapelekwa kwenye kituo cha kusubiri safari. Mabegi yao yalikuwa yamepimwa. Alikuwa ameuza baiskeli, amegawa kuku. Ile sufuria ya mama alikuwa amempa mjane mmoja wa kanisani. Nyumba yao ya udongo ilikuwa imeshachukuliwa na familia nyingine. Dada yetu wa Gahanna, kule Columbus, ambaye ni muuguzi, alikuwa ameomba likizo ili aje kuwapokea. Kaka yetu wa Buffalo alinunua majaketi manne.

Simu ya mdogo wangu ilinikuta kazini. Nilikuwa napika kwenye jiko la shule, na nilitoka nje na aproni yangu kwenye baridi ili nimsikie.

"Dada," akasema, "wamesoma majina yetu."

Nikafikiri ni majina ya kupanda ndege. Nikaanza kumshukuru Mungu.

"Hapana, dada. Wamesoma majina ya wanaorudi. Wanasema Marekani imesimamisha. Wanasema turudi tulikotoka."

"Mnarudi wapi? Si nyumba mmeshaitoa?"

"Ndiyo ninachokuuliza," akasema.

Nilimwambia asubiri, kwamba nitapiga simu huku na kule. Nilipiga. Shirika lililotupokea Louisville lilikuwa na msichana mmoja tu aliyebaki kwenye simu, na alikuwa analia kabla yangu.

Kumwambia mama kulinichukua siku mbili. Alinisikiliza hadi mwisho, mikono juu ya mapaja. Hakulia. Alisema tu, "Na wewe ulitia sahihi."

"Mama, nisingetia sahihi, mwingine angetia. Hesabu ingekuwa ileile."

"Baba yako pia alisema hivyo."

Tangu siku ile hakuwa mtu wa kutoka nje. Mapazia yakabaki yamefungwa.

Mzee alikuja Jumamosi iliyofuata. Alikuwa amebeba begani ile ngazi ya kitanda cha watoto, imeshapigwa msasa na kupakwa mafuta. Nilimfungulia mlango, na kabla hajaingia nikamwambia hawaji. Nikamweleza yote hapo hapo kizingitini, ngazi ikiwa bado begani kwake.

Aliiweka chini taratibu. "Ni kuchelewa tu," akasema. "Watapanga tarehe nyingine."

"Hakuna tarehe nyingine. Mpango wote umesimamishwa. Ndicho rais alichoahidi."

Akaangalia shamba, akaangalia viatu vyake. Kisha akasema, "Mimi nilimpigia kura."

Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Ningeweza kuishi miaka yangu yote pale na ile kura moja niliyomwekea.

"Nilidhani wanazungumzia wale wanaovuka mpaka kwa kujificha," akaendelea. "Si ninyi. Ninyi mlifuata utaratibu."

"Mdogo wangu amekuwa kwenye foleni tangu watoto wangu hawajazaliwa."

"Najua. Najua hilo." Sauti yake ilikuwa imepanda, si kwa hasira. "Kwa nini hukuniambia? Ulikuwa umekaa pale. Ulinipa karatasi kwa mkono wako. Kwa nini hukusema neno?"

"Hairuhusiwi kusema neno."

"Kabla ya siku ile, basi! Miezi yote ile nikiwa bandani!"

Niliogopa. Nilidhani nikimuuliza na akanijibu vibaya, nitampoteza jirani, na mama atampoteza mtu pekee aliyekuwa anakaa naye kwenye ngazi za nyuma. Nilichagua kutojua. Nikamwambia, "Hukuniuliza," jambo ambalo lilikuwa kweli lakini halikuwa haki, kwa sababu hakujua kwamba kuna la kuuliza.

Aliiacha ngazi ukutani akaondoka. Wiki moja baadaye alirudi na karatasi. Alikuwa amemwandikia mbunge barua, kwa mkono, kurasa tatu, akaomba nimsahihishie jina la mdogo wangu. Alikuwa ameeleza habari za mama, za maharage, hata za kipimo cha kamba. Tuliituma. Jibu lilikuja majira ya maua yakianza: barua fupi ya kuchapwa, ikimshukuru kwa kutoa maoni yake kuhusu usalama wa mipaka. Alinionyesha akiwa amesimamisha lori lake barabarani, injini ikiunguruma, akaikunja akaiweka mfukoni. Baada ya hapo alitusalimu kwa kuinua vidole viwili kutoka kwenye usukani, kama wanavyosalimiana wageni kwenye barabara zile. Mayai aliyaacha kwenye nguzo ya uzio bila kuita. Baadaye hakuyaleta tena.

Mama alisema anataka kwenda kwa kaka yangu Buffalo. Kaka anaishi Lower West Side, kwenye mtaa wenye Wakongo, Wasomali, Waburma, kila aina ya watu waliokimbia kitu fulani. "Huko tukifukuzwa tutafukuzwa wengi," alisema, na sikujua kama ni utani.

Nilimpeleka mwenyewe kwa gari. Mume wangu alibaki na watoto. Tulilala kwa dada huko Gahanna, nyumba yake ikiwa karibu na uwanja wa ndege, na jioni nzima ndege zilishuka juu ya paa moja baada ya nyingine. Kila ilipopita moja, mama alisimama dirishani.

"Hiyo inatoka wapi?"

"Florida, mama," dada akamjibu.

"Na ile?"

"Sijui, mama. Labda Chicago. Kaa ule."

Alikaa, akala kidogo, akasimama tena. Watoto wa dada wakaulizana kwa Kiingereza bibi anatafuta nini. Dada aliingia jikoni akafungua bomba la maji, akaliacha litiririke muda mrefu bila kuosha chochote.

Buffalo tulikuta theluji chafu imebaki pembeni mwa barabara. Kaka alitupokea kwa wali na samaki. Mlangoni kwenye misumari kulikuwa na yale majaketi manne, bado na vikaratasi vya dukani. Nilimwambia ayarudishe. Akasema muda wa kuyarudisha umepita.

Mdogo wangu na familia yake walikaa kanisani kambini kwa miezi kadhaa, wakilala chini pamoja na familia nyingine zilizorudishwa kama wao. Kisha shinikizo la kurudi Burundi likazidi, na siku moja mdogo wangu akajiandikisha kwenye msafara wa wanaorudi. Alinipigia akiwa njiani, nikasikia watu wakiimba kwenye basi, wimbo wa kanisa, kwa sauti ya chini. Walipelekwa hadi tarafa ya baba. Pale ofisini walimuuliza anatoka mlima gani, maana kwetu mtu hujulikana kwa mlima wa kwao. Akawatajia jina ambalo mama alimfundisha. Wakamuuliza nani anamfahamu pale. Akasema hakuna, yeye alizaliwa Tanzania. Shamba la baba lina watu wengine sasa, wana makaburi yao humo. Amepanga chumba kwenye kituo cha biashara, anabeba matofali. Simu yake inapatikana siku moja, siku tatu haipatikani.

Mimi bado niko kaunti ileile. Mume wangu anasema kazi ni kazi, na watoto wana marafiki. Vitanda viko kwenye chumba cha nyuma. Watoto wangu wanalalia kile cha ghorofa siku za wageni. Mzee ameuza ng'ombe wake na mwanaye anataka kumpeleka mjini. Tukikutana dukani tunaulizana afya, kila mmoja akishikilia toroli lake.

Mwezi uliopita nilikwenda Buffalo kumwona mama. Amepungua. Anasema Buffalo ni pazuri, watu wanamsalimia kwa lugha yake, ila hakuna udongo. Jumapili baada ya ibada alitaka kutembea, tukashuka taratibu hadi mtoni, kule mwisho wa mtaa ambako maji yanatoka ziwani yakienda kwa kasi. Ng'ambo kulikuwa na nyumba, magari, bendera.

"Kule ni mtaa gani?" akaniuliza.

"Si mtaa, mama. Ile ni Kanada."

"Nchi nyingine?"

"Nchi nyingine."

Alishika vyuma vya ukingo. Aliyatazama maji, akatazama ng'ambo, akarudi kwenye maji. Niliona midomo yake ikitembea.

"Malagarasi haukuwa mpana hivi," akasema. "Lakini ulikuwa na kasi kama huu. Nilikuvusha wewe kwanza, kwa sababu ulikuwa unalia."

"Mama, hatuendi kokote. Sisi ni raia."

"Hata kule tulikuwa raia," akasema.

Upepo ulikuwa mkali. Nilimfunga mtandio vizuri shingoni, nikamwambia turudi, kaka anatusubiri na chakula. Aliendelea kushika vile vyuma. Nikasimama karibu naye, tukaendelea kuangalia maji.